Kuhesabu Vidoa

Jumatatu, 4 Machi

Kabatini mara ya tisa. Sekunde hamsini. Sista Subilaga alinipa miwani myeusi, akafunga mlango, akabonyeza. Ndani ni mirija ya taa kutoka utosini hadi unyayoni, pande zote. Inawaka zambarau inayoelekea buluu. Feni inavuma. Nasimama mikono nimeinyanyua kidogo, kama mtu anayepimwa gauni. Bibi wa miaka sitini na mmoja, nguo ya ndani tu. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka.

Joto hakuna la kusema. Siku ya kwanza nilijiandaa kuungua, nikatoka siamini kama imewaka.

Saa tatu nimeshatoka hospitali. Natembea mpaka Ilomba, hapahapa Mbeya, kwa Tuli, binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Niko kwake tangu Februari. Kwangu ni Mgololo, mkoa wa Iringa, na huko taa ya namna hii haipo. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Siku za katikati ngozi inapumzika.

Ngozi yenyewe bado. Mashavu meupe, kuzunguka mdomo peupe, mikono yote miwili myeupe kuanzia ncha za vidole mpaka juu ya kifundo. Watu wanaita mbalanga. Daktari aliandika vitiligo, na chini yake "mionzi ya urujuanimno". Neno refu kuliko muda ninaokaa ndani.

Jumatano, 6 Machi

Sekunde hamsini na tano. Kabla ya kuongeza, Sista anauliza lilelile: ngozi iliingia wekundu? Ulipotea lini? Ukipotea kesho yake, anaongeza kidogo. Ukikaa siku mbili, anabaki palepale. Kidogo mno ngozi haisikii, nyingi mno inaungua. Nampenda kwa sababu hakisii.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua karatasi. Miaka ishirini na sita kiwandani, mezani, chini ya taa. Tulikuwa na kadi yenye tundu la mraba. Unailaza juu ya karatasi, unahesabu vidoa vyeusi ndani ya tundu. Vikizidi, karatasi inarudi kupondwa. Kidoa ambacho wenzangu hawakukiona, mimi nilikiona. Mafundi wakaniita Mama Darubini, jina likahamia mtaani, likaingia hadi kanisani.

Leo nimekata kadi kwenye jalada la daftari la mjukuu wangu Atu. Ana miaka saba, amenung'unika mpaka jioni. Nimeiweka shavuni mbele ya kioo. Sifuri. Nimeiweka mgongoni mwa mkono. Sifuri. Miaka yote ile sifuri ilikuwa habari njema.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Tuli kanuna, kaenda na mtoto.

Niandike mara moja nimalize. Mimi ni mzee wa kanisa. Tangu nistaafu ndiye ninayeshika sinia la vikombe vya Meza ya Bwana. Mchungaji anatoa mkate katikati, kisha watu wanagawanyika. Wa kushoto wanakuja kwangu, wa kulia wanakwenda kwa Mzee Yohana. Vikombe vyenyewe vidogo, mtu anachukua kimoja, anakunywa, anarudisha. Sijawahi kumwaga tone.

Mwaka jana mwishoni mikono ilikuwa imeshakuwa myeupe yote. Januari, Jumapili ya kwanza ya Meza, Mama Eliza alipokea mkate akaja kushoto kama kawaida. Aliponifikia akasita. Akageuka, akaenda kwa Mzee Yohana. Alikuwa amejitanda kitenge mpaka vidoleni, macho chini. Jirani yangu wa miaka thelathini. Tumezikiana waume. Amejifunika hata mikono asije akanigusa, nikawaza.

Mmoja akihama, wengine hawaulizi. Jumapili ya Meza iliyofuata upande wangu walikuja wanne. Sinia limejaa, vikombe vinagongana kwa sababu natetemeka, na mstari wa Mzee Yohana unafika mlangoni. Wapo waliosema ni ukoma. Wapo waliosema siyo ukoma, lakini ya nini kujaribu.

Mchungaji akaja nyumbani. Alikunywa chai vikombe viwili. Akasema, "Mama Tuli, pumzika kidogo, mpaka mikono ipone." Alisema kwa upole. Angefoka ningemjibu.

Nikamwambia Jumapili ya kwanza ya Majilio, Krismasi ikikaribia, nitashika sinia. Akasema amina haraka mno.

Ndiyo maana niko Mbeya. Uso sijali sana. Nataka mikono.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu, kliniki imefungwa. Nimehesabu mwenyewe. Shavu sifuri. Mkono sifuri. Nimeiombea taa, Mungu anisamehe.

Jumatano, 17 Aprili

Nilikuwa nanawa uso. Asubuhi, dirisha la jikoni kwa Tuli linatazama mashariki, na kioo kidogo cha mkwe wangu cha kunyolea kinaning'inia hapo. Shavu la kulia, karibu na sikio. Kidoa.

Nikadhani moshi. Nikasugua. Nikadhani punje ya kahawa. Nikasugua kwa sabuni. Nikaweka kadi. Kidoa kimoja ndani ya tundu, duara, kidogo kuliko kichwa cha pini, cheusi kuliko ngozi yangu ya kuzaliwa. Katikati yake unywele mmoja umetoka.

Nimekaa kwenye ndoo.

Shavu hilo ni jeupe mwaka wa tatu sasa. Nililizika. Nilishafanya matanga yake. Na kumbe huko ndani kuna kitu kilikuwa hai muda wote, kinasikiliza.

Tuli alipoingia nikamwonyesha. Hakukiona. Nikamshikia kadi, bado hakukiona. Akasema, "Mama, miwani yako iko wapi?" Nikamwambia mimi niliwahi kurudisha karatasi ya siku nzima kwa kitu kidogo kuliko hiki.

Ijumaa, 19 Aprili

Sista Subilaga alichukua lenzi yake. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Hee, mama. Umekiwahi. Mimi ningekiona baada ya wiki mbili." Nikafurahi kama nimepandishwa cheo.

Akanieleza, nami naandika nisije nikasahau. Rangi ya ngozi inatengenezwa na vitu hai vidogo. Mwili wenyewe umevikosea, umevishambulia, vimekufa. Lakini vichache vimejificha chini kabisa, kwenye shina la unywele, mashambulizi hayakuvifikia. Taa inafanya mawili. Inatuliza ugomvi, na inaviamsha vile vilivyojificha. Vinaamka, vinazaana, vinapanda taratibu kando ya unywele mpaka juu. Ndiyo maana rangi inarudi kwa vidoa, kila unywele na chake. Kisha vidoa vinatanuka mpaka vinakutana.

Yeye ni wa Tukuyu. Akasema ni kama chai iliyopogolewa, unaona vijiti vitupu, chini kumbe mti unajiandaa. Kwetu Mufindi nako tunalima chai, sikuhitaji maelezo zaidi.

Nyusi yangu ya kushoto ina nywele nyeupe. Akaigusa. Hapo, akasema, ghala ni tupu, hapatarudi. Alisema wazi. Sawa.

Sikumuuliza kuhusu mikono. Niliogopa.

Jumatano, 22 Mei

Dakika mbili na sekunde kumi sasa. Ngozi imeizoea taa kuliko nilivyoizoea mimi.

Tundu la shavu la kulia: vidoa kumi na tisa. La kushoto: kumi na viwili. Kidevu: saba. Juu ya kifundo cha mkono, kwenye vinyweleo vya mkono: vinne. Mgongo wa mkono: sifuri. Vidole: sifuri.

Usiku mmoja vinatokea vitatu. Unalala, unaamka, vipo. Nimeishi miaka sitini na moja ndani ya ngozi hii nikiipaka mafuta tu na kuilalamikia baridi. Sikujua kama inaweza kufanya kazi namna hii bila kuambiwa na mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni

Atu amechukua kadi bila ruhusa. Amenihesabu shavuni nikiwa nimesinzia kwenye kiti. Nilipofumbua macho alikuwa amefika arobaini na moja, akachanganyikiwa, akaanza upya. Nikafumba tena macho nimwachie. Akasema polepole, "Bibi ana madoa kama kanga." Kanga yule ndege. Kweli.

Vingine vimeshaungana. Kwenye taya la kulia kuna kisiwa chote cha kahawia, ukubwa wa jani la mchai. Ukigusa husikii mpaka wake. Nagusa mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nimeuliza. Nilisimama mbele ya Sista nikanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nikamwambia ahadi yangu ya Majilio.

Hakunizungusha. "Uso na shingo ni wepesi, mama. Mikono ni mikaidi. Vidole ndiyo kabisa. Pale hakuna vinyweleo, sasa rangi itokee wapi? Mgongo wa mkono tutajaribu. Usiwe na haraka, hii taa siyo ya kukimbizana nayo."

Nimetembea mpaka Ilomba bila kuona njia. Kitu nisichokiomba kinarudi kwa kasi. Kitu nilichokiomba, sifuri. Nimekasirika. Nimekasirikia hata shavu langu.

Jumatatu, 1 Julai

Baridi ya Mbeya imeingia kwenye mifupa. Asubuhi kina mama wa Ilomba wanatoka, wanakaa kwenye mikeka kando ya kuta, wanaota jua mpaka saa tano. Kila anayeishi huku juu anaota jua. Mgololo ni hivyohivyo. Watoto wa shule, wazee, kuku. Ukimkuta mtu Julai yuko ndani asubuhi, ujue anaumwa.

Nimefikiri. Mwanga ni mwanga. Taa ya hospitali inawaka dakika mbili na nusu, mara tatu kwa wiki. Ya Mungu inawaka bure kutwa. Sista alisema siku ya kwanza, ukitoka hapa jifunike, usikae juani. Nilimsikia. Lakini alikuwa anasema juu ya mwili mzima. Mimi nataka mikono tu.

Nimejitanda kitenge kichwani na usoni. Nimenyoosha mikono juu ya magoti. Dakika tano, nikipima kwa saa. Sijamwambia Tuli.

Ijumaa, 5 Julai

Dakika kumi na tatu. Naongeza mbili mbili, kama Sista anavyoongeza sekunde. Naandika kila siku. Hakuna anayeweza kusema natenda ovyo.

Jumanne, 9 Julai

Dakika ishirini na moja. Wekundu mzuri. Mama mmoja mkekani aliuliza kwa nini natazama saa wakati naota jua. Nikamwambia nina miadi.

Ijumaa, 12 Julai

Kliniki saa mbili, dakika tatu kasoro kabatini. Jua saa nne, dakika ishirini na saba. Upepo baridi kutoka mlimani, sikusikia joto lolote. Jua la Julai ni zuri kwa sababu halichomi, sote tunasema hivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Limechoma.

Jumapili, 14 Julai

Malengelenge migongo yote miwili ya mikono. Nashika kalamu kwa ncha. Tuli alinikuta nimetumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji, akajua kabla sijasema. Hakunipigia kelele. Alikaa kando ya ndoo akalia. Ni aibu kumliza mtoto wako mwalimu kwa ujinga ambao angemkanya mwanafunzi.

Jumatatu, 15 Julai

Nilimwonyesha Sista daftari. Dakika tano, saba, tisa, kumi na moja, zote zimeandikwa vizuri kwa kalamu ya buluu. Akasoma mpaka chini. Akasema, "Mama, umejiunguza kwa mpangilio."

Kisha akaeleza. Kabati lina mwanga wa aina moja tu, umechujwa, na yeye anajua kiasi chake. Jua lina kila aina. Huku juu milimani lina ukali kuliko kule chini, na baridi inakuficha tu usisikie. Ngozi nyeupe haina mwavuli wake. Na ngozi iliyotoka kwenye taa ni mbaya zaidi. Nilijua vipande vyote hivyo, kimoja kimoja. Sikuviunganisha kwa sababu nilitaka visiungane.

Dawa ya kupaka. Bandeji. Mikono hairuhusiwi kwenye taa. Uso utaendelea wiki ijayo, mikono imevikwa soksi. Soksi za Atu.

Mama Darubini.

Jumatano, 7 Agosti

Bandeji imetoka. Kovu hakuna, ashukuriwe Mungu. Lakini mkono wa kulia, juu ya kifundo, palikuwa na ukanda wa ngozi yangu halisi, kahawia, upana wa vidole viwili. Haukuwahi kuugua. Ulizungukwa na weupe pande zote ukakataa kuondoka. Sasa ni mweupe. Vile vidoa vinne vya karibu yake vimekwenda nao.

Sista alishanionya kwamba ngozi ya namna hii ukiijeruhi inapoteza rangi palepale ilipojeruhiwa. Hata mkanda ukikaza, hata mkwaruzo wa msasa. Mimi nimeijeruhi kwa makusudi, nikipima saa.

Nimeitazama sehemu hiyo jioni nzima. Samahani, nimeiambia. Nimeisema kwa sauti.

Ijumaa, 30 Agosti

Mikono imerudi kabatini. Sekunde thelathini. Tumeanza alifu.

Sijaota jua tena. Nakaa ndani na blanketi. Kina mama wa mkekani wanaamini naumwa sana, wamemletea Tuli viazi.

Jumatatu, 16 Septemba

Shavu la kulia siwezi kulihesabu tena. Kadi ninaiweka, ndani ya tundu ni kahawia tupu. Hakuna vidoa kwa sababu vyote vimekuwa kimoja. Rangi haijalingana, kuna sehemu imezidi, nyingine imefifia, ukinitazama kwa karibu ni kama shamba lililopandwa na watu wawili. Lakini ni mimi. Kwenye kioo cha kunyolea ametokea yule mwanamke wa zamani, mwenye nyusi moja nyeupe.

Nilimwambia Sista nina mashaka kama ni kweli. Akacheka, akasema wagonjwa wengi wana mashaka kwamba haitarudi, mimi wa kwanza kuwa na mashaka baada ya kurudi.

Ijumaa, 27 Septemba

Mkono wa kushoto. Mgongoni, upande wa kidole gumba, karibu na kifundo. Vidoa vitatu.

Nimeweka kadi mara sita. Vitatu, vitatu, vitatu, vitatu, vitatu, vitatu.

Baada ya yote niliyoufanyia mkono huu. Ningekuwa mimi ndiye ngozi, nisingerudi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mchungaji amepiga simu. Ameuliza hali, ameuliza mjukuu, ameuliza mvua kama imeanza Mbeya. Kisha akasema Majilio yanakaribia, na kuna mama mwingine yuko tayari kushika sinia, ili nisiwe na presha. Neno presha amelitumia mara mbili.

Nikamwomba anipe mpaka katikati ya Novemba. Akakubali.

Vidoa mkono wa kushoto: vitano. Kulia: kimoja. Vidole: sifuri, sifuri, sifuri. Wiki saba zimebaki.

Jumatatu, 4 Novemba

Kushoto tisa. Kulia vinne. Vidole sifuri.

Nimepiga hesabu kama nilivyokuwa napiga kiwandani, kasi ya wiki mara wiki zilizobaki. Hata kasi ikizidi mara tatu, siku ya kwanza ya Majilio nitakuwa na mikono myeupe yenye pilipili manga. Vidole havitabadilika siku hiyo wala mwaka ujao. Hesabu haina huruma, nami sijawahi kuikosea makusudi.

Silali vizuri. Najiona nimesimama na sinia na mstari wote unapinda kulia.

Jumatano, 13 Novemba

Dakika tatu kabatini. Zilikuwa ndefu. Nilifumbua macho ndani ya miwani. Kupitia kioo kile cheusi mikono yangu ilionekana kijani hafifu, haina mabaka, haina vidoa, mikono tu. Mifupa, mishipa, vidole vyangu vilivyopinda kwa miaka ya kugeuza karatasi. Niliinyoosha mbele nikaishika kama nimeshika sinia. Haikutetemeka.

Imenijia palepale, taa ikiwa bado inavuma. Sinia linashikwa na mikono. Mikono ninayo. Niliyemwahidi sikumwahidi rangi.

Nimempigia mchungaji nikiwa bado getini. "Nitashika," nikasema. Akauliza, "Imepona?" Nikamjibu, "Vidole bado, na havitapona. Nitashika." Nikasikia kuku wake kwenye simu. Akasema, "Karibu nyumbani, mama." Safari hii hakuharakisha.

Ijumaa, 29 Novemba

Basi mpaka Mafinga, gari lingine mpaka Mgololo. Sista amenipa ruhusa ya wiki moja, kisha nirudi. Atu ameniwekea kadi kwenye pochi, eti nisije nikaisahau.

Nyumba ina vumbi. Nje misonobari inanuka mvua. Naogopa. Nimefua gauni, nimeanika, nimeogopa tena.

Jumapili, 1 Desemba

Mshumaa wa kwanza wa Majilio umewashwa. Nilisimama kushoto. Sikuvaa soksi, sikuvaa glavu, nilikunja mikono ya gauni mara mbili.

Wa kwanza walikwenda kulia. Mzee Yohana hakuinua macho. Wa nne akaja kwangu, fundi wa zamani wa kiwandani, akatazama mikono, akatazama uso, akachukua kikombe. Kisha mkewe. Kisha wawili. Wengi bado walikwenda kulia. Vikombe havikugongana.

Mama Eliza alikuja karibu na mwisho. Amejitanda kitenge mpaka vidoleni, kama Januari. Akasita palepale alipositia siku ile. Kisha akaja kushoto. Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe. Kwetu hata chumvi haipokelewi kwa kushoto, sembuse Meza ya Bwana. Nilimtazama. Macho yake yalijaa maji. Taratibu akarudisha ule, akautoa wa kulia kutoka chini ya kitenge.

Vidole vitatu. Vyeupe tangu ncha hadi fundo la pili. Kwenye kidole cha shahada mpaka wa weupe ni mpya, una wekundu kidogo pembeni.

Alikunywa. Alirudisha kikombe kwenye sinia. Mkono wake ulikaa karibu na wangu kwa muda wa pumzi moja.

Nje, baada ya ibada, tulisimama upande wa nyuma ambako maji ya mvua yanakingwa. "Kamwene, dada," akanisalimu, kama hatukuonana mwaka mzima. Nikaitikia kamwene. Akasema, "Kilianza mwaka jana, wakati wa kupanda. Kidogo tu, kwenye kucha. Nikajua wengine wote hawatakiona. Ila wewe ukikaribia na hilo jicho lako utakiona." Akavuta kitenge. "Niliposogea wakasogea na wengine. Nikaogopa zaidi kusema."

Kwa hiyo aliyakimbia macho yangu, siyo mikono. Mwaka mzima nimemwandika humu vibaya. Niliona kitenge kimefika vidoleni, kitu cha ajabu kwa mtu aliyekuja kupokea, na sikujiuliza. Kazi yangu yote ilikuwa kuona.

Nilitaka kumkasirikia. Nimetafuta hasira ndani, nimeikuta kidogo, nimeiacha. Nikamshika mkono. Nikamweleza kuhusu kabati, kwamba vidole havitarudi, asidanganywe, lakini taa inaweza kuzuia weupe usipande, na popote penye unywele kuna kitu kimejificha kinasubiri. Nikamwonyesha mgongo wa mkono wangu wa kushoto. Kumi na vinne leo. Akainama akatazama, pua karibu inagusa. "Nakiona kimoja," akasema. Kisha, "Viwili."

Nimemwambia aje kesho saa moja, kabla ya chai. Dirisha la chumbani kwangu linapata mwanga wa asubuhi. Kadi nimeshaiweka juu ya meza.